Mlima Unaoelea na Ukuta wa Harambe

Tulitoka Tampa kabla jua halijachomoza. Dada yangu aliendesha, shemeji akakaa pembeni yake, na mimi nikakaa nyuma na Mama pamoja na wapwa zangu wawili. Watoto hawakuzungumza jingine njia nzima ila Pandora, eneo jipya la bustani ya Disney's Animal Kingdom. Mama, aliyezaliwa Lamu na ambaye safari hiyo ya Julai 2017 ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Marekani, alikuwa amevutiwa na habari nyingine kabisa. Dada alikuwa amemwambia kwamba ndani ya bustani ile kuna mtaa uliojengwa kwa kuiga Lamu. "Nataka kuuona kwa macho yangu," alisema.

Na mimi nilikuwa na langu. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa: kubandua lipu iliyooza, kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, kupiga chokaa upya. Nilitaka kuona watu wenye fedha nyingi na muda mwingi wanajengaje kitu kipya kionekane cha kale.

Disney's Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 karibu na Orlando, Florida. Miaka ya nyuma watu wengi waliiona kuwa bustani ya nusu siku: unafika asubuhi, unawaona wanyama, na jua likielekea kutua milango inafungwa. Pandora ndiyo iliyokuja kubadilisha hali hiyo. Mradi ulitangazwa Septemba 2011, ujenzi ukaanza 2014, na wageni wakafunguliwa milango tarehe 27 Mei 2017. Ni eneo la ekari 12 hivi, limejengwa kwa mfano wa ulimwengu wa filamu ya Avatar ya James Cameron iliyotoka mwaka 2009. Ili kupata nafasi, eneo la watoto lililokuwa hapo liliondolewa, na onyesho la Lion King lililokuwa likichezwa humo likahamishiwa upande wa Afrika, katika mtaa unaoitwa Harambe. Ukumbi wake mpya ulifunguliwa huko 2014, na mwaka uliofuata likafuata soko la vyakula. Kwa hiyo upanuzi ule ulikuwa na ncha mbili, ingawa watu karibu wote walikuwa wakizungumzia moja tu.

Tulifika mapema, na bado tulikuta umati. Milango ilipofunguliwa watu walitembea kwa kasi ile ya mtu anayejizuia asikimbie, wafanyakazi wakiwa mbele wameinua mikono kuwatuliza. Karibu wote walikuwa wakielekea mahali pamoja: Flight of Passage, mchezo wa kuruka juu ya mgongo wa ndege mkubwa wa Pandora. Nafasi za kuweka mapema zilikuwa zimekwisha. Wageni wasiolala katika hoteli za bustani waliruhusiwa kuweka nafasi siku 30 kabla, na wale wa hotelini siku 60 kabla, kwa hiyo sisi tulikuta mabaki. Dada alifanikiwa kupata nafasi za mchezo mwingine wa Pandora, ule wa mashua ya mtoni. Za kuruka hakuzipata hata kidogo.

Mpwa wangu mdogo hakufikia urefu unaotakiwa, sentimita 112, akabaki na Bibi yake na mama yake. Mimi, shemeji na mpwa mkubwa tukasimama kwenye foleni. Nawashauri mafundi wenzangu wasiichukie foleni ile, kwa sababu nusu ya kazi nzuri imefichwa humo. Unapanda mlima taratibu, unapita mapangoni penye michoro ya rangi ya udongo, kisha unaingia katika kituo cha wanadamu kilichotelekezwa, kuta zake zimeota ukungu na vigae vyake vimebanduka, na mwisho unafika kwenye maabara ambamo kiwiliwili cha buluu kirefu kuliko mtu kimelala ndani ya tangi la maji, kidole kikishtuka kama cha mtoto aotaye. Watu waliokuwa wakilalamika walinyamaza hapo.

Mchezo wenyewe hauzidi dakika tano. Unakaa kama mwendesha pikipiki, kifua kimeegemea mbele na miguu imebanwa kwa nyuma, halafu pazia la mbele linatoweka na uko angani. Chini ya mapaja yako mnyama anapumua. Unamsikia akivuta na kutoa pumzi, mbavu zikipanuka, na ndilo jambo lililonikaa zaidi ya kuporomoka kwenye magenge. Kuna harufu ya msitu mbichi, kuna matone ya bahari usoni. Mpwa wangu alitoka akiwa kimya, naye si mtoto wa kunyamaza.

Nje tulikuta ubao umeandika dakika 180. Nikakaa kivulini kumsubiri Mama, nikaanza kuwauliza waliokaa karibu wameonaje. Wamarekani ni watu wepesi kuongea na mgeni, na maoni yalikuja kwa wingi.

Mama mmoja kutoka Puerto Rico, mkazi wa Orlando, aliniambia alilia machozi wakati wa kuruka na haoni haya kusema. Yeye alikuja alfajiri. Mzee mmoja na mkewe, waliosafiri kutoka Ohio, walikuwa wamesubiri karibu saa mbili kuingia kwenye mashua ya mtoni, na safari ikaisha kabla hawajatosheka. Walikubali kuwa mganga wa kike aliyeko mwisho wa mto, yule mdoli mkubwa anayeimba na kupunga mikono, anachezesha vidole na uso kwa ulaini ambao hawajapata kuuona. Lakini dakika nne na ushee, walisema, hazilingani na saa mbili. Kijana mmoja mwanafunzi alinieleza kwamba mradi ulipotangazwa yeye na marafiki zake waliukejeli, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka majina ya wahusika wa filamu ile. Sasa alikuwa amekuja tena, bila kujali filamu, kwa ajili ya bonde lenyewe la Pandora. Na palikuwa na suala la viti. Tangu siku za mwanzo wageni wenye miili mikubwa walilalamika kwamba vibanio vya miguu na mgongo haviwatoshi, na mtu hugundua hivyo baada ya kusubiri. Lalamiko hilo ni la haki kabisa. Tiketi ya siku moja kiangazi kile ilizidi dola 100, na mwili wa mtu si kosa lake.

Nikisikiliza nikaona kitu. Wageni walipokadiria michezo, waliikadiria kwa saa: aliyefika alfajiri alisifu, aliyefika saa sita mchana alilaumu, ijapokuwa wote waliruka juu ya ndege yuleyule. Lakini nilipowauliza kuhusu mahali, mbali na michezo, tofauti zikatoweka. Wote waliinua vichwa na kuitazama milima.

Nami niliitazama. Miamba mikubwa imening'inia hewani, maji yanatiririka kutoka kwenye nyufa zake, na jicho halioni mara moja kinachoishikilia. Fundi hawezi kuondoka hapo bila kutafuta. Ni ile mizizi na mitambaazi minene inayoteremka kutoka jiwe hadi jiwe. Ndani yake mna chuma kinachobeba uzito wote. Miamba nayo ni vizimba vya nondo vilivyopindwa kwa umbo la jiwe, vikarushiwa zege kwa mpira wenye shinikizo, kisha mafundi wakapanda jukwaani na miiko yao kuchonga tabaka na nyufa kabla zege halijashika. Baada yao wakaja wapaka rangi, na baada yao watu wa bustani, wakachanganya majani ya kweli na ya kutengenezwa hata huwezi kusema lipi ni lipi bila kuligusa. Niliyagusa mengi. Kazi hiyo haifanywi na mashine peke yake. Kila ufa una mkono wa mtu, na fundi mwenzake anauona.

Mama na mjukuu wake walirudi kutoka mtoni wakiwa wameridhika. Wao walikuwa na nafasi iliyowekwa, hawakusubiri sana, na Mama aliona dakika zile zinatosha. Mganga alimpendeza. "Ana mikono ya mama anayebembeleza," alisema. Tukala Satu'li, mkahawa mkubwa wa eneo hilo, ambako ulichagua wali au viazi na juu yake nyama, kuku, samaki au tofu. Mama alichukua samaki, kwa kuwa hakujua wanyama wamechinjwa vipi, akammaliza, ingawa alitamani pilipili.

Baada ya chakula tukavuka kwenda Harambe.

Joe Rohde, msanifu aliyeongoza ujenzi wa Animal Kingdom na baadaye Pandora, aliichukua Lamu kuwa kielelezo cha mtaa huu, na anayeijua Lamu hahitaji kuambiwa. Kuna ngome nyeupe ya mawe, kuna vichochoro, kuna madirisha yenye vipande vya mbao, kuna mabango ya rangi yaliyopauka juu ya kuta. Majina yote ni yetu: Dawa Bar, Tamu Tamu, Hoteli Burudika. Duka kubwa la zawadi linaitwa Mombasa Marketplace, na mpwa wangu mdogo alinitaka nisimame chini ya jina la mji wangu nipigwe picha. Kwenye kumbukumbu ya mtaa imeandikwa Uhuru 1961. Mama aliisoma kwa sauti. "Huo ni wa Tanganyika," alisema. "Sisi ni 1963." Halafu akainua macho kwenye paa. Mapaa ya Harambe yameezekwa kwa nyasi na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, kazi safi sana, nene na iliyokatwa sawasawa. "Hayo si makuti," akasema Mama, bila ubaya, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto.

Lakini kwenye kuta alinyamaza. Alikwenda hadi ukutani, akaweka kiganja.

Nataka niliseme hili kwa uzito wake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ukuta ule umeghushiwa kwa elimu. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikafungwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Unyevu hupanda kutoka chini, chumvi ya bahari huja na upepo, na lipu huanza kuachia mahali maalumu: kwenye usawa wa goti ambako maji ya ardhini yanakomea, chini ya madirisha ambako mvua inachuruzika, kwenye kona ya paa. Wachoraji wa Harambe walijua hayo yote. Walipobandua lipu, waliibandua palepale ambapo Lamu ingeibandua. Chini ya rangi moja kuna rangi nyingine, na chini yake nyingine, tabaka la kila mwenye nyumba aliyepita. Aliyefanya hivi alisimama mbele ya kuta zetu na kuzitazama kwa subira, na ninamheshimu.

Tukiwa hapo wingu likafunga. Mchana wa Julai huko mvua ya radi ni jambo la kawaida, na magari ya safari ya wanyama yakasimamishwa. Tulijibanza chini ya paa la soko, karibu na familia moja: baba, mama na watoto watatu. Walitusikia tukizungumza. Yule baba akamsogelea Mama kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Jambo, Mama. Munatoka fasi gani?"

"Lamu, mwanangu. Kenya. Nanyi?"

"Sisi ni batu ya Bukavu. Lakini sasa tunaikala Houston."

Kiswahili chake na chetu vina masafa baina yao, lakini vilishikana mikono papo hapo, na mvua ikatupa muda. Alisema watoto wake walifurahi kuona lugha yao imeandikwa ukutani mahali ambapo dunia nzima inapita. Mkubwa wake alikuwa akiwasomea wenzake mabango, akijiona mwenyeji. Hilo lilimfurahisha baba. Lakini lilikuwepo jambo lililomsumbua tangu asubuhi, naye alilisema polepole, akitafuta maneno. Kwa nini kila nyumba ya Afrika hapa imebomoka? Upande wa Asia nao una kuta za kale, alikiri. Hata hivyo watoto wake walizaliwa Marekani na hawajafika kwao. Akiwaonyesha hapa, wataondoka wakidhani hivyo ndivyo tunavyoishi, katika nyumba zinazoanguka ambazo hakuna anayezitengeneza.

Shemeji alijaribu kumwambia kuwa ni sanaa tu. Mama alikuwa na jibu bora. Alimwambia kwamba nyumba za Lamu hubanduka hivyohivyo, na si aibu, ni bahari. "Lakini baba yangu hakulala kabla ya Ramadhani mpaka ukuta wa nje umepakwa chokaa," alisema. "Ukibanduka leo, kesho fundi yuko juu ya ngazi."

Maneno hayo niliondoka nayo. Mvua ilipokatika tulipanda gari la safari, likatuzungusha katika eneo la ekari 110 hivi. Twiga walikuwa wamelowa, viboko wametulia, na simba amelala juu ya jiwe. Watoto walishangilia. Kwa mtu aliyeziona Tsavo na Amboseli nitasema tu kwamba wanyama walionekana kutunzwa vizuri na dereva alijua anachokieleza.

Jioni tukarudi Pandora, na hapo ndipo nawasihi wote wanaokwenda wasifanye haraka kuondoka. Kiangazi hicho bustani ilikuwa ikifungwa saa tano za usiku, na giza linapoingia bonde hubadilika. Majani yanatoa mwanga wa kijani na zambarau, na sakafu ya njia yenyewe ina nukta zinazong'aa chini ya miguu. Ngoma kubwa ziko wazi kwa kila mtu, na watoto wa mataifa mbalimbali walizipiga pamoja bila kufundishwa. Mzee wa Ohio nilimwona tena, yeye na mkewe, wameketi wanatazama. Hakusema chochote tena kuhusu mashua. Aliniambia kama angejua, angekuja saa kumi na mbili za jioni na asingesimama kwenye foleni yoyote.

Mbele ya kibanda cha vinywaji kuna mashine kubwa ya vita kutoka ulimwengu wa filamu, yenye umbo la mtu, iliyoachwa pale. Imeota kutu, majani yameitambaa. Hadithi ya eneo hili imewekwa miaka mingi baada ya vita baina ya wanadamu na wenyeji: wachimba madini wamekwisha kuondoka, mito inaponywa, na walioko sasa ni watafiti na wageni. Kila anayepita anaigusa kutu ile, anapiga picha, anafurahi. Uchakavu wa mashine ile unasomeka kuwa habari njema, kwa sababu umeelezwa ni wa nini, na pembeni yake kuna kazi inayoendelea: sampuli za maji, mimea inayooteshwa, watu wenye shughuli.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa swali la yule baba wa Bukavu. Mikono iliyochora kutu ya Pandora na ile iliyobandua lipu ya Harambe imelelewa katika karakana moja, chini ya msanifu mmoja, kwa ustadi ule ule. Mahali pamoja uchakavu umepewa maana na watu wanaoushughulikia. Mahali pengine umeachwa peke yake ukutani, na kila mgeni anaujazia maana aliyokuja nayo. Mgeni aliyefika na picha ya Afrika maskini ataiona hapo. Mama, aliyefika na Lamu yake, aliiona Lamu.

Nilizunguka Harambe yote mchana ule nikitazama kwa jicho la kazi, na mimi sikuona ngazi iliyoegemezwa ukutani. Sikuona ndoo ya chokaa, wala mwiko, wala kiraka kibichi cha lipu cheupe kuliko sehemu nyingine, kile kinachomwambia kila mpita njia wa Lamu kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Lamu imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na imefika hapo kwa sababu ya watu walioitengeneza kila mwaka kwa karne nyingi. Waashi wake wapo leo. Wanajua kwamba ukipiga saruji juu ya matumbawe unaufungia ukuta unyevu ndani na kuuozesha, na kwamba chokaa huuacha upumue. Elimu hiyo ni sehemu ya mji sawa na milango yake ya kuchonga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Bonde la Pandora ni kazi kubwa ya mikono, linastahili sifa linazopewa, na uzuri wake mkubwa hauhitaji foleni. Harambe imejengwa kwa ustadi huohuo na inapitwa haraka mno na watu wanaowahi safari ya wanyama. Ombi langu kwa wenye bustani ni dogo: waiteni waashi wawili watatu kutoka Lamu, kama mlivyowaita waezekaji wa Kizulu, wawajengee kiunzi cha fundi kwenye ukuta mmoja wa mtaa ule, chokaa ikiwa bado mbichi. Nanyi mtakaojaliwa kufika huko, nendeni Harambe na mtu mzima aliyekulia pwani, mwacheni aguse kuta, na mumsikilize.